Kosa, au Ndivyo Ilivyo?



Swali la jioni hii nimeliazima kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Alikuwa akiandika programu ndogo ya kusoma diski kwa njia ya zamani ya BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta. Aliomba silinda 0, kichwa 0, sekta 0; akarudishiwa hitilafu. Akaomba sekta 1, data ikaja. "Mwalimu," akaniuliza, "silinda zinaanza na sifuri, vichwa sifuri, sekta moja. Kuna mtu alikosea hapa, au ndivyo ilivyo?"

Nikamjibu upesi kwamba ndivyo ilivyo. Usiku jibu hilo likanikera.

Chukueni kisa cha vichwa. BIOS ilitenga biti 10 kwa silinda, 6 kwa sekta na 8 kwa kichwa. Biti 8 hubeba namba 0 hadi 255, yaani vichwa 256. Lakini mfumo endeshi wa MS-DOS uliweka idadi yenyewe ya vichwa katika baiti moja, na 256 haienei humo: inageuka sifuri. Diski yenye vichwa sifuri! Kompyuta ikikwama hapo, kosa halina ubishi na mwenyewe anajulikana. Linalonivutia ni lililofuata. Watengenezaji wa BIOS hawakungoja DOS irekebishwe. Wakashika kutangaza vichwa 255. Pigeni hesabu: silinda 1024, mara vichwa 255, mara sekta 63, mara baiti 512, mnapata 8,422,686,720. Ndio ule ukomo wa GB 8.4 uliowasumbua mafundi wa miaka ya 1990. Kichwa kilichoachwa kilikuwa na thamani ya MB 33 hivi, na hakuna aliyekililia, maana hata hivyo 255 vilikuwa vya kubuni. Vichwa vya diski halisi unavihesabu kwa vidole.

Je, anayeandika 255 katika kiendeshi chake anakosea? Nasema hapana. Kuutazama msimbo hakutoshi. Uliza nani na nani wameuegemea.

Ila mazoea nayo huoza. Kwa miaka mingi kizigeu cha kwanza kilianzia sekta ya 63, ili kuipisha njia ya kwanza ya diski. Zilipokuja diski za sekta za baiti 4096, kila moja ikimeza sekta 8 za zamani, 63 haikugawanyika kwa 8. Kila bloku ikakalia sekta mbili, mguu huku mguu kule, na uandishi ukawa wa kusuasua. Windows Vista ilishahamia sekta ya 2048. Windows XP ilibaki pale pale.

Mwanafunzi wangu alirudi wiki iliyofuata na flashi mkononi. Programu ya fdisk, toleo la zamani, ilikuwa imemwandikia kwamba kifaa hicho, kisicho na sahani wala sindano, kina vichwa 255. Safari hii hakuuliza kama ni kosa. Aliuliza akiibadilisha namba hiyo, ni kompyuta gani itakataa kuwaka.