Nukta Tatu Tano Si Chenji

Msikilizaji, Juni 2024 Waziri wa Fedha wa Tanzania wakati huo, Dk. Mwigulu Nchemba, alisimama bungeni Dodoma akasoma bajeti ya mwaka 2024/25: shilingi trilioni 49.35. Namba ile ilitangazwa, ikarudiwa, ikapita. Lakini kiasi cha matrilioni hakikai akilini kwa kutajwa tu, na anayesikiliza redio hata sifuri zake hazioni.

Tukigawe pamoja. Sensa ya Agosti 2022 ilituhesabu watu 61,741,120. Tuseme milioni 61.7. Milioni ina sifuri sita, trilioni ina kumi na mbili. Ukigawa trilioni kwa milioni, sita za huku zinafutana na sita za kule, unabaki na milioni. Basi hesabu ni nyepesi: milioni 49.35 gawanya kwa 61.7. Jibu ni laki nane kasoro kidogo kwa kila mmoja wetu, kuanzia kichanga hadi bibi kizee, kwa mwaka mzima. Gawa tena kwa siku 365, utapata kama shilingi 2,200 kwa siku. Humo ndimo mna mishahara ya walimu na wauguzi, dawa, barabara, ulinzi, na marejesho ya madeni. Tena si zote zinatokana na kodi. Nyingine ni za mikopo na misaada.

Laki nane tunaijua. Kwa laki tunanunua ng'ombe mnadani, tunalipa kodi ya nyumba na ada za watoto. Namba ikishafika hapo, mama muuza samaki wa soko la Feri anaweza kubishana nayo, na ana haki ya kubishana nayo.

Sasa itazame ile nukta tatu tano. Tumezoea kuimeza: "trilioni arobaini na tisa na ushee." Ushee huo ni shilingi bilioni 350! Kwa kila Mtanzania ni zaidi ya shilingi elfu tano na mia sita. Nukta ikikaa baada ya trilioni, kila tarakimu kati ya tatu za kwanza zinazoifuata ina uzito wa mabilioni, na ni vibaya kuiacha njiani kwa kuwa tu inasumbua ulimi.

Mtego mwingine uko kwenye karatasi. Hesabu za taasisi nyingi huandikwa kwa maelfu au kwa mamilioni, na maelezo hayo hukaa juu kabisa ya jedwali, kwa herufi ndogo. Asiyeyasoma kwenye jedwali la mamilioni ataiona 4,500 na kuiita elfu nne na mia tano, kumbe ni bilioni nne na nusu. Kosa la namna hiyo halipunguzi kidogo wala kuongeza kidogo. Linakosea mara elfu nzima, au mara milioni.

Na bilioni moja je, ni nyingi? Ikigawiwa nchi nzima ni shilingi 16 kwa mtu. Ikipelekwa kwenye kata moja yenye watu 10,000, ni laki moja kwa kila mkazi. Mradi wa bilioni 50 unaoenda miaka mitano ni bilioni 10 kwa mwaka. Kwa hiyo nawaomba maafisa habari wanaotuletea taarifa za fedha: kwenye mstari uleule wa kiasi, andikeni ni za watu wangapi na za miaka mingapi. Tutayasoma yote matatu hewani, kwa pamoja.