Akaunti Inaposoma Chini ya Sifuri
Mazungumzo na wafanyabiashara wadogo na watumishi, Dodoma

 

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo wengi hulificha kama aibu ya nyumbani: akaunti ya benki kusoma hasi. Kwa lugha ya kibenki hali hiyo huitwa ovadrafti, yaani kutoa, au kutolewa, fedha zaidi ya zile ulizo nazo. Nasema "kutolewa" kwa makusudi, kwa sababu mara nyingine mwenye akaunti hakugusa hata senti.

Niruhusuni nianze na yaliyonipata mimi. Nilipohitimu chuo hapa Dodoma, nilikuwa na akaunti niliyoipokelea fedha za kujikimu. Nilitoa zote zilizobaki, nikaitia kadi mkobani, nikarudi nyumbani Kondoa. Baada ya mwaka mmoja niliitwa kwenye usaili Dar es Salaam. Mama aliuza alizeti, akampa wakala shilingi 40,000 aziweke katika akaunti ile, kwa kuwa wakati huo nilikwisha kufika mjini. Niliposimama mbele ya mashine ya kutolea fedha, salio lilikuwa shilingi 22,000. Nauli na chakula havikutosha. Mzee mmoja mwenye nyumba aliyokuwa amepanga rafiki yangu ndiye aliyenikopesha, nikauwahi usaili.

Niliporudi nilikwenda benki kuuliza. Mhudumu alinichapia taarifa ya akaunti: mistari 12, kila mmoja shilingi 1,500, makato ya uendeshaji. Hakuna aliyekuwa ameniiba. Makato hayo yaliandikwa katika fomu niliyoitia saini bila kuisoma. Lakini pia hakuna aliyenitumia ujumbe mmoja kunieleza kwamba akaunti niliyodhani imelala ilikuwa ikidaiwa.

Salio hasi huingia kwa njia nne

Njia ya kwanza ni hiyo: makato ya uendeshaji katika akaunti iliyosahauliwa. Dawa yake ni kuifunga akaunti usiyoitumia, kwa maandishi, na kudai uthibitisho kuwa imefungwa. Kutoa fedha zote si kufunga akaunti.

Njia ya pili ni malipo yanayojiendesha: rejesho la mkopo, bima, au agizo la kudumu la kulipa kodi ya nyumba. Mtumishi anatarajia mshahara tarehe 24. Agizo lake limepangwa tarehe 20. Siku hizo nne hutosha kuleta riba au adhabu. Nenda benki uombe tarehe ya malipo isogezwe nyuma ya tarehe ya mshahara.

Njia ya tatu ni ovadrafti ya makubaliano, ambayo hutolewa zaidi kwa wafanyabiashara. Benki inakupangia kikomo, nawe unalipa riba kwa kiasi ulichotumia na kwa siku ulizokaa nacho. Tuchukue mfano wa hesabu tu: umetumia shilingi 500,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Riba ya siku ni takriban shilingi 247. Kwa siku 30 ni takriban shilingi 7,400, bila kuhesabu ada ya kuandaliwa mkopo huo. Huduma hii humfaa mwenye bidhaa inayozunguka haraka, kama muuza nyanya wa Majengo. Haimfai anayenunua mahindi Kibaigwa wakati wa mavuno ili ayauze Januari, wala anayejenga nyumba. Fedha yake imelala, lakini riba haijalala. Huyo aombe mkopo wa muda maalumu unaolingana na msimu wake. Tena ajue kuwa benki huweza kuidai ovadrafti yote irudishwe, kwa masharti yaliyomo katika mkataba.

Njia ya nne ndiyo mpya, nayo imo katika simu zetu: huduma inayojaziliza pengo pale salio la pesa mtandao lisipotosha kukamilisha muamala, kama Songesha ya M-Pesa hapa kwetu. Kenya wana Fuliza, iliyoanza Januari 2019. Neno hilo lina maana ya kuendelea bila kukoma, na watumiaji wengi waliona kuwa ndivyo deni lenyewe lilivyo. Oktoba 2022 ada zake za kila siku zilipunguzwa, na anayekopa kiasi kisichozidi shilingi 1,000 za Kenya akapewa siku tatu bila ada ya siku.

Tusizikatae huduma hizi. Zimewafikisha wagonjwa hospitali usiku. Ila tuzipigie hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, umejaziwa shilingi 10,000 na ada ni shilingi 100 kwa siku. Mia moja haimshtui mtu. Lakini ukikaa nalo siku 30 umelipa shilingi 3,000, yaani asilimia 30 kwa mwezi mmoja. Linganisha na mfano wa benki, ambapo riba ya mwezi ilikuwa chini ya asilimia 2. Zaidi ya hayo, deni hilo hukatwa mara fedha inapoingia. Mteja akikulipa bei ya kuku, unabaki bila fedha ya kununua kuku mwingine, nawe unakopa tena jioni ileile.

Ukiwa tayari umo ndani

Kwanza, omba taarifa ya akaunti ya miezi mitatu na usome kila mstari. Tenga deni lenyewe, riba, na adhabu. Usilolielewa, uliza.

Pili, nenda benki kabla hawajakutafuta. Omba salio hasi ligeuzwe kuwa mkopo wa marejesho madogo, na omba kikomo kishushwe kila unapolipa. Benki husikiliza zaidi aliyekuja mwenyewe.

Tatu, usizibe shimo kwa kuchimba jingine. Mikopo ya "kausha damu" na ya programu za simu zisizo na leseni imewaingiza wengi katika udhalilishaji, ikiwa ni pamoja na kupigiwa simu ndugu na majirani. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania iliutangazia umma majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Kabla ya kukopa, hakikisha kuwa mkopeshaji ana leseni.

Nne, kumbuka kuwa deni lisilolipwa huweza kuingia katika kumbukumbu za taasisi za taarifa za mikopo. Shilingi 18,000 zilizosahauliwa zinaweza kukukwamisha mwaka unapotaka mkopo wa trekta.

Haki yako

Kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinamtaka mtoa huduma aeleze gharama zake kwa uwazi na awe na utaratibu wa kupokea malalamiko. Anza kwa mtoa huduma wako: andika barua, taja tarehe na kiasi, ambatisha taarifa ya akaunti, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Usiporidhika, peleka lalamiko Benki Kuu, kupitia mfumo wa Sema na BoT au katika ofisi zake zilizopo hapa Dodoma. Ukifika bila nakala ya barua ya kwanza, utarudishwa kuianza safari upya.

Nawaomba jambo moja kabla hamjalala leo. Hesabuni akaunti zote mlizowahi kufungua: ya chuo, ya kikundi, ya mwajiri wa zamani, ya msimu wa zabibu. Kesho ulizeni salio la kila moja. Ile isiyo na kazi, ifungeni.