Unga, Hamu na Safari: Hotuba Mbele ya Mkutano wa Ukoo, Dubai



Kamati imenitaka nizungumzie jambo ambalo katika ukoo wetu husemwa kwa sauti ya chini. Heroini, ambayo kwetu huitwa unga, ilienea Mombasa na Unguja tangu miaka ya 1980, nasi tumezoea kuamini kwamba dawa yake ni safari. Kijana akiharibikiwa Unguja huletwa Dubai awe mbali na wenzake. Akiharibikiwa Dubai hurudishwa Unguja. Nataka kueleza kwa nini safari peke yake haitoshi, na kwa nini wakati mwingine huua.

Mwaka 1973 wataalamu Candace Pert na Solomon Snyder, huko Baltimore, walionyesha kwamba seli za ubongo zina vipokezi ambavyo mofini huingia mfano wa ufunguo katika kitasa. Likazuka swali: kwa nini mwanadamu azaliwe na kitasa cha kasumba? Jibu lilipatikana Aberdeen, Uskochi, mwaka 1975, John Hughes na Hans Kosterlitz walipogundua enkefalini, kemikali ambayo ubongo hujitengenezea wenyewe. Hiyo, pamoja na jamaa yake endofini, hutoka kwa kipimo: mtu akiumia, akishiba, akicheka na watu wake.

Heroini huingia mlango huohuo kwa kishindo. Ndani ya mwili hugeuka kuwa mofini. Katikati ya ubongo zipo seli zinazomimina dopamini, na nyingine zinazozizuia zisimimine ovyo. Mofini huwalaza walinzi hao. Dopamini hufurika, na ubongo huandika: jambo hili kubwa, lirudiwe. Huandika pamoja na kila kilichokuwapo, uchochoro, rafiki, hata saa ya jioni.

Magazeti hupenda kuiita dopamini kemikali ya raha. Sivyo hasa. Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan ameonyesha kwamba kuona utamu na kutamani ni mambo mawili ndani ya ubongo: utamu hutegemea zaidi endofini na jamaa zake, na dopamini ni ya hamu. Kwa mraibu, utamu hupungua kadiri vipokezi vinavyozoea, ilhali hamu huzidi. Ndiyo maana kijana hulia akisema kwamba hafurahii tena, na usiku uleule akaufuata unga. Mama yake humwita mwongo. Kwa maoni yangu, alisema kweli.

Turudi kwenye safari. Kijana akikaa mbali miezi kadhaa, mwili hupoteza uzoefu. Kipimo alichokistahimili zamani sasa humkata pumzi, kwa kuwa vipokezi hivyohivyo vipo pia katika sehemu ya ubongo inayoendesha kupumua. Lakini hamu haisahau. Akishuka bandarini Malindi, Unguja, akaiona baraza ya zamani, hamu huamka nzima ndani ya mwili usioweza tena kuibeba. Huyo ndiye tunayemzika siku chache baada ya kurudi, tukasema amekufa ghafla.

Methadoni hukalia kitasa kilekile polepole, siku nzima na zaidi, bila kishindo. Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011, Kenya mwishoni mwa 2014, na Unguja ipo kliniki Kidongo Chekundu. Wako wazee wanaosema huko ni kubadilisha unga kwa unga. Kwa heshima zote, siwakubalii. Anayeinywa kwa utaratibu halali na arosto, na aweza kwenda kazini. Kumwachisha haraka ili aonekane amepona kabla ya harusi ya dada yake ni kumrudisha kwenye hatari ileile.

Kwa tulio hapa: Sheria ya Shirikisho namba 30 ya mwaka 2021 haimshitaki mraibu anayejitokeza mwenyewe, au akaletwa na mwenzi wake au jamaa wa karibu, kuomba matibabu kabla hajakamatwa. Aulizwe wakili kwanza, kisha tiketi.

Baada ya chakula nitakuwa chumba cha pembeni, mlango wa kushoto. Mzazi mwenye swali aje peke yake. Hakuna atakayeandika jina.