Tangi la Maji Linapovuja: Tulitengeneze au Tulirudishe Dukani?



Tunazungumza leo juu ya chombo ambacho Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani kimekuwa sehemu ya nyumba: tangi la plastiki la kuhifadhia maji. Linapovuja, tunapoteza maji, na aliyeyapandisha kwa pampu hupoteza na umeme. Tuweke chombo chini ya mvujo kwa saa moja. Tukipata lita moja tu, hizo ni lita 24 kwa siku na lita 720 kwa siku 30, yaani ndoo 36 za lita 20.

Kabla ya kununua gundi, tujue kwanza panapovuja. Maji yakimwagika kupitia bomba la juu la kutolea maji ya ziada, huenda tangi ni zima, na kasoro iko kwenye boya lililokwama au valvu isiyofunga. Tutengeneze boya, bomba hilo tusilizibe kamwe, kwani ndiyo njia ya maji yanayozidi.

Kama si hilo, tujaze tangi, tufunge njia zote za kuingilia na kutolea maji, kisha tutie alama ya chaki kwenye usawa wa maji. Maji yatashuka, halafu yatasimama. Hapo yaliposimama ndipo penye mvujo. Yasiposimama hata yakafika chini, tuchunguze kiungo cha bomba la kutolea maji, na baada yake kitako cha tangi.

Mvujo wa kwenye kiungo ndio ulio rahisi. Tupunguze maji hadi chini ya kiungo, tulegeze nati na tuutazame mpira. Ukiwa umekauka au umepasuka, tuweke mpya wa kipimo kile kile, upande ule ule ulipokuwa, baada ya kufuta mchanga na ukoga. Nati ikazwe kwa mkono, kisha kidogo tu kwa spana. Kuikaza kupita kiasi huuminya mpira ukatoka mahali pake, na huweza kulipasua tangi lenyewe. Bomba zito nalo lipewe mhimili, lisining'inie kwenye kiungo.

Ufa katika ukuta wa tangi ni jambo jingine, na hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Gundi ya mabomba ya PVC huunganisha kwa kulainisha uso wa plastiki ya aina hiyo. Matangi yetu mengi ni ya polithini, na gundi hiyo haiilainishi polithini wala haishikamani nayo. Huganda juu, kisha hubanduka. Ili kuitambua plastiki, tukwangue kipande kidogo kutoka ukingo wa nje na tukizamishe katika maji yenye sabuni kidogo. Polithini huelea, PVC huzama.

Ufa mfupi wa tangi la polithini huchomelewa kwa moto wa kifaa, si kwa moto wa kuni wala mshumaa. Fundi hulikausha tangi, hutoboa kitundu kidogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee, huuchimba kama mfereji, kisha huyeyusha ndani yake plastiki ya aina ile ile. Tumuulize mapema atatumia plastiki gani, na bei tuiandikishe. Chochote kitakachogusa maji ya kunywa kiwe kimeandikwa kuwa salama kwa kazi hiyo. Kazi ikimalizika, tangi lioshwe na lijazwe kidogo kidogo huku tukiliangalia.

Ufa mrefu, au ulio kwenye kitako, tusiubahatishie. Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja, na tani moja ikiporomoka kutoka juu ya mnara ambapo watoto hucheza chini yake, hasara haitakuwa ya maji tu. Tangi hilo lishushwe. Kabla ya kupandisha jingine, tuhakikishe kitako chote kinalala juu ya sakafu tambarare na imara, kwani tangi lililokaa juu ya mbao zilizoachana hubonyea na kupasuka tena.

Kama tangi lingali ndani ya muda wa dhamana, tusilichomelee wala kulitoboa kwanza, kwa sababu muuzaji anaweza kudai kwamba ubovu umetokana na mikono yetu. Tulipige picha, tuchukue risiti na hati ya dhamana, tumwendee muuzaji, na malalamiko yetu tuyaandike. Asipotusikiliza, tuyafikishe kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, ambayo kazi yake ni pamoja na kumlinda mtumiaji. Masuala ya ubora wa bidhaa yanaihusu pia Taasisi ya Viwango Zanzibar. Asiye na risiti huwa na kazi ngumu ya kuthibitisha alinunua wapi na lini. Kwa hiyo tuidai siku ile ile ya kununua, na tuihifadhi pasipofika maji.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twasema: tuuzibe, lakini kwanza tujue ni ufa wa nani kuuziba, wetu au wa aliyetuuzia.