Tiba kwa Vitendo: Chimbuko Lake na Faida Zake kwa Wagonjwa wa Mkoa wa Tanga

Mada kwa semina ya wauguzi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na walezi wa wagonjwa, Tanga



Nimeombwa nizungumzie tiba kwa vitendo. Wengi wetu tumewaona wataalamu wa fani hii wakipita wodini, tukawadhania ni watu wa mazoezi ya viungo. Kazi hizo mbili zinapakana, ila kila moja inaanza na swali lake. Mtaalamu wa viungo huuliza goti linakunjika kiasi gani na msuli una nguvu gani. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo huuliza: kabla hujaugua, siku yako ilikuwaje? Uliamka ukashika nini? Ulimpikia nani? Nani alikuwa akikutegemea? Majibu ya mgonjwa ndiyo yanayopanga matibabu yake.

Hoja yangu ni moja. Kazi humtibu mgonjwa pale inapokuwa kazi yake mwenyewe, anayoijua maana yake. Ikiwa ni ya kumpotezea muda tu, au ya kumnufaisha mwingine, hiyo haistahili kuitwa tiba. Historia ya fani hii, pamoja na sehemu yake iliyopita katika milima ya mkoa huu, inatuonyesha pande zote mbili.

1. Chimbuko

Mwishoni mwa karne ya 18, wagonjwa wengi wa akili wa Ulaya walikuwa wakifungwa minyororo. Mwaka 1793 daktari Philippe Pinel alikabidhiwa wagonjwa wa hospitali ya Bicêtre, Paris, na mwaka 1796 William Tuke, mfanyabiashara wa chai, akafungua nyumba ya wagonjwa mjini York, Uingereza. Wote wawili waliona kwamba mgonjwa anayelima bustani au kushona hutulia kuliko yule anayekaa amefungwa kutwa nzima.

Fani yenyewe ilipata jina na chama mwaka 1917 nchini Marekani, na mmoja wa waasisi wake alikuwa mgonjwa. George Edward Barton alikuwa msanifu majengo. Aliugua kifua kikuu, akakatwa baadhi ya vidole vya mguu, na upande wake wa kushoto ukapooza. Akajirudisha mwenyewe taratibu kwa kazi za bustani na useremala, kisha akafungua nyumba huko Clifton Springs, jimbo la New York, ili kuwasaidia wengine kwa njia hiyo. Machi 1917 aliwaita hapo watu kadhaa, wakiwemo daktari wa akili William Rush Dunton na Eleanor Clarke Slagle, wakaunda chama cha kwanza cha tiba hii. Mwezi uliofuata Marekani iliingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na askari waliorudi bila mikono au na akili iliyotikisika wakaifanya fani hii ihitajike haraka. Uingereza ilipata shule yake ya kwanza mwaka 1930 mjini Bristol, chini ya Dk. Elizabeth Casson. Shirikisho la kimataifa likaundwa mwaka 1952.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipiganwa hata hapa Tanga, Novemba 1914. Lakini elimu hii ilichukua miongo mingi kutufikia. Hapa nchini wataalamu wake wamekuwa wakifundishwa katika hospitali ya KCMC, Moshi.

2. Lutindi: historia iliyo jirani yetu

Kabla chama cha Barton hakijazaliwa, wagonjwa walikuwa wakifanya kazi kama sehemu ya matunzo yao huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wilaya ya Korogwe. Mahali hapo palianzishwa mwaka 1896 na wamisionari Wajerumani kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 pakageuzwa hospitali ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa za mwanzo kabisa Afrika Mashariki. Leo iko chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki.

Fikra iliyoiongoza ilitoka Bethel, karibu na mji wa Bielefeld, Ujerumani. Huko mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, aliyeongoza tangu 1872, aliwapa wagonjwa wa kifafa mashamba na karakana, akiamini kwamba mtu apewe kazi kuliko sadaka. Lutindi nayo ikashika njia hiyo, na kilimo na kazi za mikono vimebaki kuwa sehemu ya matibabu yake.

Hapa ndipo penye tahadhari. Katika hospitali nyingi za akili za zama za ukoloni, jasho la wagonjwa ndilo lililoendesha shamba na jiko. Mgonjwa aliyelima vizuri alikuwa na faida kwa taasisi, na aliyemnufaisha bwana wake hakuharakishwa kurudi kwao. Mstari kati ya tiba na sulubu ni mwembamba, na unapimwa kwa maswali matatu: nani aliyeichagua kazi hii, nani anayekula matunda yake, na je, inamsogeza mgonjwa nyumbani kwake au inamweka palepale?

Baada ya uhuru, Tanzania ilijaribu kuujibu mtihani huo kwa kuanzisha vijiji vya wagonjwa wa akili, kama Hombolo huko Dodoma na Vikuruti nje ya Dar es Salaam. Mgonjwa aliyepata nafuu alilima na kuishi kama mwanakijiji huku akiendelea na dawa, akijiandaa kurudi kwao.

3. Kazi inavyofanyika: mfano wa mbuzi ya nazi

Tumchukue mama wa Ngamiani, mjini Tanga, aliyepata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalegea. Anaulizwa anataka kurudia nini. Anasema: kupika. Kwa upishi wa pwani, kupika kunaanza na nazi.

Mtaalamu anaivunja kazi hiyo vipande. Kukalia mbuzi kunataka nyonga zikunjwe, magoti yapanuliwe na kiwiliwili kijimudu bila kuegemea. Kukuna kunataka mikono miwili ishike kifuu, ikandamize na kukizungusha juu ya meno ya chuma. Kukamua tui kunataka vidole vifumbe na kufumbuka. Kumbe katika nazi moja mna mazoezi ya usawa wa mwili, bega, kiwiko, kifundo cha mkono na vidole, na mama haoni kama anafanya mazoezi. Anaona anapika.

Kisha anapanga ngazi. Kwanza mama anakaa kwenye kiti cha kawaida, anakamua sponji ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, mkono mzima ukiusaidia ule mgonjwa. Maji yanapimwa kwa mkono mzima, maana ule mwingine unaweza kuungua bila kuhisi. Sponji ikizoeleka, anakamua machicha. Kukuna kunaanza na mbuzi iliyofungwa imara juu ya benchi, ili asiiname. Nguvu za kiwiliwili zikirudi ndipo inashushwa chini.

Na kama mkono hautarudi? Hapo anaulizwa tena kilicho muhimu kwake. Ikiwa shabaha yake ni kuuza wali wa nazi, atanunua nazi iliyokunwa kwa mashine sokoni, na nguvu zake zielekezwe kwenye kusimamia chungu na kuhesabu chenji. Tiba haijashindwa; imebadili njia.

4. Faida kwa wagonjwa

Wagonjwa wa kiharusi. Faida ya kwanza ni kujihudumia: kula, kuoga, kuvaa, kwenda chooni. Kanuni moja kila mlezi aondoke nayo leo: wakati wa kuvaa, anza na mkono mgonjwa, wakati wa kuvua, anza na mzima. Ukimvisha mama dera, ingiza mkono uliolegea kwanza, kisha kichwa, kisha mkono wenye nguvu. Wala usimwinue kwa kumvuta mkono uliolegea. Bega linaweza kuteguka, na maumivu yake yatamfanya akatae mazoezi yote. Ibada nayo inahesabiwa. Mzee anayefundishwa kutia udhu kwa mkono mmoja na kuswali akiwa kwenye kiti amerudishiwa mpangilio wa siku yake nzima.

Majeruhi wa mikono. Pwani yetu ina wavuvi waliojeruhiwa na baruti, wakata mkonge waliokatika kwa panga au kunaswa na mitambo, na vijana wa bodaboda. Mkono uliojeruhiwa ukiachwa umening'inia, vidole hukakamaa ndani ya wiki chache. Mtaalamu hutengeneza banzi la kuushikilia katika mkao unaofaa, hupunguza uvimbe, halafu huanza kazi. Kwa mvuvi, kushona nyavu ni zoezi lisilo na mfano: sindano hushikwa kwa ncha za vidole, na fundo hukazwa kwa nguvu. Aliyepoteza vidole hutengenezewa mpini mnene wa kisu au kasia. Na mgonjwa wa ukoma ambaye mikono imekufa ganzi hufundishwa kutumia macho kufanya kazi ya ngozi: kukagua mikono kila jioni, na kutoshika sufuria bila kitambaa.

Watoto wenye mtindio wa ubongo. Mtoto asiyeweza kukaa hawezi kula salama, kucheza wala kujifunza. Kiti kinachomshika kiuno na mgongo hubadili mambo hayo yote. Si lazima kiagizwe mbali: kuna mbinu iliyoendelezwa Zimbabwe ya kuunda viti vigumu kwa makatoni, magazeti na gundi ya unga, na vikikauka vinabeba uzito wa mtoto bila shida. Mama naye hufundishwa kumlisha akiwa amekaa wima, kidevu kikiinamishwa kidogo, si akiwa amelazwa chali.

Wagonjwa wa akili na wa kifafa. Dawa huzima dalili, ila haimfundishi mtu kuamka asubuhi na kuwa na la kufanya. Ratiba ya siku, kazi ndogo inayomalizika, na malipo halali ya kazi hiyo humrudishia mtu jina lake mtaani. Kwa mwenye kifafa, kazi haikatazwi, huwekewa usalama. Jiko linyanyuliwe kutoka chini, asiipue sufuria akiwa peke yake, na akienda kuchuma mwani au kuvua asiende bila mwenzake.

Familia. Mgonjwa akijilisha mwenyewe, binti aliyekuwa akimlisha anarudi shule au sokoni. Faida hii haiandikwi kwenye faili la mgonjwa, lakini nyumba nzima inaihisi.

5. Vikwazo

Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kuwa watu bilioni 2.4 duniani wana hali ambazo huduma za utengamao zingewasaidia. Kwetu, kikwazo cha kwanza ni kwamba wataalamu ni wachache na wengi wako kwenye hospitali kubwa, wakati mgonjwa yuko kijijini, Moa au Kipumbwi. Nauli inamshinda, anahudhuria mara moja, anapotea. Pili, upendo wa ndugu unageuka kizuizi: tunamfanyia mgonjwa kila kitu kwa huruma, na mkono usiotumika unazidi kusahau. Tatu, kiharusi na maradhi ya akili hupelekwa kwanza kwingine kwa kudhaniwa ni kurogwa au mashetani, na miezi ya mwanzo, ambayo ndiyo yenye matumaini makubwa ya mwili kurejea, inapita bure.

6. Mapendekezo

Kwanza, kila mgonjwa wa kiharusi au wa ajali ya mkono aulizwe kazi zake kabla ya kuruhusiwa, na majibu yaandikwe kwenye faili pamoja na presha na dawa.

Pili, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe mambo machache ya lazima: kuvisha, kuinua, kulisha mtoto, kukagua mikono yenye ganzi.

Tatu, hospitali na vituo vinavyowapa wagonjwa kazi viweke wazi mgonjwa anapata nini kutokana na kazi hiyo, na lini anatarajiwa kwenda kwao. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatupa msingi wa kudai hilo.

Nne, tarehe 27 Oktoba, Siku ya Tiba kwa Vitendo Duniani, itumike kufanya maonyesho vijijini, tukianzia kwenye madiko ya samaki na mashamba ya mkonge, maana huko ndiko waliko majeruhi wetu.

7. Maswali ya majadiliano

Katika kituo chako, ni kazi gani wagonjwa huitaja mara nyingi kuwa wanataka kuirudia? Ni vifaa gani vya nyumbani vinaweza kutumika kuifanyia mazoezi? Na je, kuna mgonjwa anayefanya kazi kituoni kwako ambaye, ukimpima kwa maswali matatu ya sehemu ya pili, utaona anatumikishwa badala ya kutibiwa?