Alamu ya Gari la Zamani: Namna ya Kuichagua na Kuifunga



Magari mengi yanayotuhudumia katika mikoa ya Mbeya na Iringa yametumika miaka mingi. Ni Corolla, Mark II, Noah na Hilux zilizotembea kwanza Japani, zikashushwa katika bandari ya Dar es Salaam, kisha zikapita mikononi mwa wamiliki wawili watatu kabla ya kumfikia huyu aliye nazo leo. Nyingi hukatiwa bima ndogo, yaani ile ya kumlinda mtu wa tatu. Bima hiyo hulipa madhara ambayo gari limewafanyia watu wengine. Gari lenyewe likiibwa, mwenyewe halipwi kitu. Mwenye gari la zamani, basi, akiibiwa hubeba hasara yote peke yake, na hapo ndipo haja ya alamu inapoanzia.

Tumetayarisha mazungumzo haya kwa sababu ununuzi wa alamu una jambo ambalo mlaji hulisahau kwa urahisi. Anayenunua alamu hununua vitu viwili kwa mara moja: kifaa kilichomo ndani ya boksi, na kazi ya fundi anayekifunga. Habari za kifaa huulizwa sana dukani: sauti yake, umbali wa rimoti, bei yake. Habari za kazi ya fundi haziulizwi, ilhali hiyo ndiyo inayoamua kama gari litakuwa salama, au litazimika barabarani, au hata kuungua.

Kwanza mlaji na ajiulize anaogopa wizi wa namna gani. Kuna mwizi anayetaka kuondoka na gari zima. Kuna anayevunja kioo ili achukue redio au mkoba. Kuna pia yule anayechomoa vioo vya pembeni, taa au tairi la akiba bila kugusa mlango wowote. Alamu ya kawaida hupata habari kupitia swichi za milango na boneti, kwa hiyo haimwoni huyu wa tatu isipokuwa iwe na sensa ya mtikisiko. Mwenye gari linalolala nje ya nyumba ahakikishe kwamba sensa hiyo imo, na kwamba inaweza kupunguzwa au kuongezwa ukali. Pia achoreshe namba ya usajili kwenye vioo vya pembeni na kwenye taa. Kazi hiyo ni ya gharama ndogo, nayo humpunguzia mwizi soko la mali aliyoiiba.

Baada ya hapo alitazame gari lake. Magari mengi madogo hutumia umeme wa volti 12, lakini baadhi ya Land Cruiser za dizeli za zamani, pamoja na malori na mabasi madogo, hutumia volti 24. Kuwapo kwa betri mbili peke yake si ushahidi wa kutosha, maana yako magari yenye betri mbili na mfumo wa volti 12. Fundi apime kwanza, ndipo kifaa kinunuliwe. Gari lisilo na sentro loki halitafunga milango kwa rimoti mpaka liongezwe mota katika kila mlango, na hiyo ni gharama ya pembeni inayofaa kujulikana mapema. Vilevile gari lililopita mikononi mwa wengi huenda likawa na nyaya za alamu ya zamani iliyokufa. Ni vema nyaya hizo ziondolewe zote kabla ya kufunga mpya, kwa sababu hitilafu ikitokea juu ya nyaya za mafundi wawili, ni kazi kubwa kujua ya nani ni ipi.

Dukani, mnunuzi aulize kama rimoti hutuma namba inayobadilika kila inapobonyezwa. Rimoti inayotuma namba ileile siku zote inaweza kunaswa na kifaa cha mwizi na kuigwa. Aulize pia kama rimoti ni mbili, kama kuna kitabu cha maelezo chenye mchoro wa nyaya, na kama kuna swichi ya dharura ya kuzima alamu wakati rimoti imepotea au betri yake imekwisha. King'ora kinachoiga sauti ya gari la wagonjwa au la Polisi kisinunuliwe. Ishara hizo ni za magari ya dharura. Anayetaka alamu inayotuma ujumbe kwa simu, au inayoonyesha gari lilipo, ahakikishe kwamba kifaa kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na kwamba laini iliyomo ndani yake imesajiliwa kwa jina la mwenye gari. Laini ikiwa kwa jina la fundi au la muuzaji, mwenye gari hana mamlaka juu yake, wala hana uhakika ni nani mwingine anayejua gari lake lilipolala.

Sasa tuje kwenye ufungaji, na hapa tunaomba usikivu wa pekee.

Alamu nyingi huja na rilei ya kulizuia gari lisiwake. Fundi anaweza kuiunganisha katika njia ya stata, au katika njia ya umeme unaoendesha injini, kama vile wa pampu ya mafuta. Kwa mwizi tofauti ni ndogo, maana vyote viwili humkwamisha. Kwa dereva tofauti ni kubwa sana. Rilei ya stata ikiharibika wakati gari linatembea, injini huendelea kunguruma na safari huendelea; tatizo litaonekana baadaye, gari likiwa limesimama. Rilei ya pampu ya mafuta ikiharibika, au waya wake ukilegea kwa mtikisiko, injini huzimika papo hapo. Injini ikizimika, usukani wenye msaada huwa mzito, na breki hubakiwa na nguvu ya kukanyagwa mara chache tu kabla ya kuwa ngumu. Yeyote aliyeteremka Mlima Kitonga nyuma ya lori lenye shehena, au aliyeshuka Iwambi kuelekea Mbalizi, anaelewa maana ya jambo hilo bila kuelezwa zaidi.

Ushauri wetu kwa gari la zamani ni kwamba alamu izuie stata peke yake. Tunajua pingamizi lake: gari la gia za mkono linaweza kusukumwa likawaka bila stata, tena kwa wepesi zaidi katika miji yetu yenye miteremko. Pingamizi hilo ni la kweli, na jibu lake ni kufuli imara la usukani au la gia, linaloonekana kupitia kioo. Kufuli la chuma halina waya wa kulegea. Mwenye kutaka kuongeza kizuizi cha pampu ya mafuta amtake fundi aunganishe rilei kwa namna ambayo ikikosa umeme, njia ya mafuta hubaki wazi. Hata hivyo viungio vya kizuizi hicho vinaweza kulegea, kwa hiyo avikague mara kwa mara. Huduma ya kuzima injini kwa simu nayo isitumike kamwe gari likiwa katika mwendo. Ndani yake huenda akawamo mtu asiye na hatia, na barabarani wapo wengine wasiohusika na wizi huo.

Jambo la pili la ufungaji ni moto. Waya unaotoka kwenye betri kwenda kwenye alamu lazima uwe na fyuzi, na fyuzi hiyo iwe karibu kabisa na betri. Kazi yake ni kuulinda waya. Waya ukichubuka na kugusa bodi mahali palipo kabla ya fyuzi, hakuna kitakachoukata umeme, nao utapata moto mpaka plastiki yake iwake. Mahali ambapo waya unapenya ukuta wa chuma kati ya injini na chumba cha abiria pawekwe raba, maana ukingo wa chuma huukata waya polepole kadiri gari linavyotikisika. Viungo vya nyaya vilehemiwe kwa risasi au vibanwe kwa viungio vyake maalumu. Waya uliosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa solotepu huonekana safi siku ya kwanza. Joto la injini likishalainisha gundi, tepu huachia.

Tatu, hali ya hewa ya kwetu ina madai yake. Mvua za Nyanda za Juu huanza Novemba na kuendelea kwa miezi mingi. King'ora kifungwe mdomo ukitazama chini ili kisihifadhi maji, na kiwe mbali na bomba la moshi. Boksi la alamu lisiwekwe chini ya zulia, kwa kuwa gari la zamani huvujisha maji pale raba za milango zilipochoka. Swichi ya boneti ni ya kwanza kupata kutu, nayo ikipata kutu alamu hulia usiku bila sababu, au hunyamaza wakati wa kulia. Wanaokaa kando ya barabara kuu, kama Uyole, Mafinga na Ipogolo, wapunguze ukali wa sensa ya mtikisiko, kwani malori yanayopita yataiamsha alamu usiku kucha. Alamu inayolia ovyo huwazoesha majirani kutojali, na siku mwizi atakapokuja hakuna atakayefungua dirisha.

Nne ni betri. Alamu haizimiki, inakula umeme kidogo kidogo usiku na mchana. Ikila miliampea 30, kwa siku 30 itakuwa imetumia takriban ampea-saa 22. Betri ndogo ya ampea-saa 45 itakuwa imepoteza karibu nusu ya nguvu yake, hata ikiwa ilikuwa mpya. Iliyochoka haitazungusha stata katika asubuhi ya baridi ya Juni au Julai. Kwa hiyo betri ipimwe kabla ya alamu kufungwa, na gari linaloachwa kwa wiki kadhaa liwashwe na kutembezwa, au betri ichomolewe nguzo.

Kabla ya kazi kuanza, mlaji aandikiane na fundi mambo haya: jina na aina ya kifaa, bei ya kifaa mbali na bei ya kazi, kitakachozuiwa ni stata au kitu kingine, na muda wa udhamini wa kifaa na wa kazi yenyewe. Karatasi moja yenye sahihi mbili inatosha.

Kabla ya kulipa malipo ya mwisho, afanye majaribio mbele ya fundi. Afunge alamu, kisha afungue mlango mmoja mmoja, na boneti, na buti, akingoja alamu ilie kwa kila kimoja. Katika gari la zamani swichi ya mlango mmoja huwa mara nyingi imekufa bila mtu kujua. Ajaribu kuwasha gari alamu ikiwa imefungwa. Ajaribu rimoti zote mbili. Aoneshwe fyuzi ilipo na swichi ya dharura ilipo, na aizime alamu kwa mkono wake mwenyewe. Mwisho, amwombe fundi azisajili upya rimoti mbili mbele yake na kuhakikisha kwamba hakuna ya tatu iliyobaki katika kumbukumbu ya kifaa.

Kisha adai risiti ya kielektroniki. Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inamkataza muuzaji kumpotosha mlaji, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza bidhaa bandia. Lakini haki isiyo na kumbukumbu ni ngumu kuidai. Kifaa kikiharibika ndani ya muda wa udhamini, mlaji aanze kwa aliyemuuzia, akiwa na risiti na ile karatasi ya makubaliano. Asiposikilizwa, apeleke malalamiko yake kwa maandishi Tume ya Ushindani; na akitilia shaka ubora wa bidhaa, alijulishe Shirika la Viwango Tanzania. Asikubali fundi mwingine afungue kazi hiyo kabla ya malalamiko kuonwa, kwa kuwa nyaya zilizokwisha kuguswa na mkono wa pili hazitoi ushahidi tena.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Hatusemi kwamba alamu ya bei kubwa ndiyo bora. Kifaa cha bei ya kati, kilichofungwa na fundi mwenye subira, chenye fyuzi mahali pake na kinachozuia stata pekee, kikisaidiwa na kufuli la usukani, kitalilinda gari kuliko kifaa cha fahari kilichofungwa kwa nusu saa. Muda wa fundi, basi, ulipiwe kwa moyo mmoja, na kazi yake ikaguliwe kwa macho mawili.