Vyungu vya Fumba: Kazi za Mikono na Utunzi wa Wanawake



Ada ya mhadhara wa uprofesa ni msomi kuanza kwa kueleza fani yake ilikotoka. Naomba ruhusa niliruke hilo. Habari za Sultani Barghash na muziki wa Misri, za vilabu vya taarab vya mjini, za vina na mizani ya nyimbo zenyewe, wengi humu mnazijua kuliko mnavyojua njia ya kurudi nyumbani, na asiyezijua atazikuta maktaba. Muda niliopewa nataka niutumie kwa ugomvi.

Mwenzetu mmoja, ninayemheshimu na ambaye sitamtaja, alisimama katika kongamano la fasihi akatoa hoja iliyopigiwa makofi marefu. Alisema wanawake wa pwani hawakutupa sanaa kubwa kwa wingi uliotarajiwa kwa sababu siku zao ziliishia kwenye jungu, kwenye ukili na kwenye kubembeleza watoto. Wachache waliotokeza, akasema, walitokeza siku walipoponyoka kazi hizo. Ushahidi wake mkuu ulikuwa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja: alikuwa mfinyanzi, akaacha vyungu, akawa msanii. Mimi sikupiga makofi. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, na hasira hiyo ndiyo imeniletea mhadhara huu.

Hoja ile haikuzaliwa hapa kwetu. Mwenzetu aliichukua, na alikiri mwenyewe, kwa mwandishi wa Kiingereza, Virginia Woolf. Oktoba 1928 Woolf aliwahutubia wanafunzi wa kike wa vyuo vya Newnham na Girton, Cambridge, na mwaka uliofuata hotuba zile zikatoka kama kitabu, A Room of One's Own. Anasema mwanamke atakaye kuandika hadithi anahitaji paundi 500 kwa mwaka na chumba chenye kufuli. Ni kitabu kizuri sana. Nimekifundisha kwa miaka mingi na nitaendelea kukifundisha. Ila tuulizane: msimulizi wa kitabu kile alizipata wapi paundi zake? Anatueleza mwenyewe. Alirithi kwa shangazi yake, aliyekufa kwa kuanguka kutoka juu ya farasi alipokuwa akipunga upepo Bombay.

Bombay! Mwaka ule ule wa 1928 ambao Woolf alikwenda Cambridge kutoa hotuba zake, Siti binti Saad alivuka bahari kwenda Bombay na wapigaji wake kurekodi sahani za santuri kwa kampuni ya His Master's Voice. Mji mmoja, wanawake wawili. Yule wa kitabuni analetewa kutoka Bombay urithi ambao hakuutolea jasho. Huyu wa Unguja anakwenda mwenyewe, na koo lake, kuutafuta ujira. Kila nikifika ukurasa ule nakifunga kitabu kwa muda. Kama tunataka nadharia ya mwanamke anayefanya kazi na kubuni, kwa nini tuianzie kwa yule wa urithi?

Na hata Woolf mwenyewe, tukiyatazama maisha yake badala ya msimulizi wake, hayaendi sawa na hoja iliyotundikwa juu ya jina lake. Mwaka 1917 yeye na mumewe walinunua mashine ndogo ya kuchapia ya mkono wakaiweka nyumbani kwao Richmond. Woolf alipanga herufi za risasi kwa vidole vyake, moja baada ya moja, akafunga vifurushi vya vitabu na kuviandikia anwani. Shairi la T. S. Eliot, The Waste Land, lilipochapishwa na kampuni yao, Hogarth Press, mwaka 1923, herufi zake alizipanga yeye. Basi mtu aliyetetea chumba kimya alikuwa na wino kwenye kucha. Chumba kile nacho kilikuwa na mwanamke mwingine wa kukifanya kiwezekane: Nelly Boxall, aliyempikia kwa miaka 18, tangu 1916 hadi 1934. Nadharia inayomtaka kila mwanamke mbunifu aondolewe jikoni haiwezi kukwepa swali la nani atakayebaki jikoni, na kama huyo atakayebaki hana lake la kusema.

Nimekaa sana Uingereza. Turudi Unguja.

Siti alizaliwa Fumba, kusini-magharibi ya kisiwa, mnamo 1880, katika ukoo wa watu waliotoka bara na kuonja utumwa. Ufinyanzi aliurithi kwa mama yake. Alihamia mjini mwaka 1911. Fanyeni hesabu: alikuwa mtu mzima wa miaka 30 hivi, ambaye mikono yake ilikuwa imeshaujua udongo kwa miaka mingi kabla hajamwona mwalimu wa muziki. Na sauti ile tayari alikuwa nayo, kwa kuwa alivichukua vyungu kutoka Fumba hadi mjini kwa miguu, akivitangaza kwa kuimba, watu wakamsikia kabla hajaonekana.

Haya tunayajua zaidi kwa fadhila ya kitabu kimoja, na hapa naomba mnivumilie, maana ni kitabu nikipendacho kuliko vyote katika nathari yetu: Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, uliochapishwa mwaka 1958. Shaaban Robert alimhoji Siti mwenyewe karibu na mwisho wa maisha yake. Siti alifariki Julai 1950. Fikirieni kilichotendeka pale. Mwandishi mkubwa kuliko wote wa lugha hii, wakati ambapo wasifu ulikuwa wa masultani, masheikh na wapelelezi wa Kizungu, alichukua kalamu akaandika maisha ya mwanamke wa shamba aliyeuza vyungu. Alimwandika kwa heshima ile ile ambayo wengine waliwawekea wafalme. Kila nikikisoma nakuta mwandishi anayeshangaa kwa dhati, na mshangao wa dhati ni adimu katika wasifu wa lugha yoyote.

Na yeye, huyo Shaaban Robert, alikuwa nani? Alikuwa karani. Alianza idara ya forodha mwaka 1926 akakaa huko karibu miaka 18, akapita idara ya wanyamapori, akafanya kazi ofisi ya wilaya Tanga, kisha ofisi ya upimaji. Takriban kila alichotuachia alikiandika akiwa mtu wa kuripoti kazini asubuhi. Sijapata kumsikia mhakiki hata mmoja akisema ukarani ulimnyima Kiswahili sanaa kubwa. Tunasema ukarani ulimfundisha nidhamu, ulimkutanisha na watu, ulimpa jicho la kuiona dhuluma. Mwanamume akiwa na kazi, kazi inakuwa shule yake. Mwanamke akiwa na kazi, inakuwa gereza lake. Mizani hiyo imepinda, na aliyeipinda ni sisi wahakiki.

Nirudi kwenye vyungu, kwa kuwa hata Shaaban Robert alivipita haraka kuliko nilivyotamani. Mmesikia ule wimbo wa kejeli aliotungiwa Siti na mahasidi wake, uliomkumbusha kaniki za shamba na kumwambia kwamba bila koo lake asingekuwa na riziki. Wahakiki huujadili kama habari ya tabaka na husuda, na kweli ni hiyo. Lakini kama madai, ni uongo mtupu. Tunajua hasa angekula nini bila koo lake. Angekula kwa vyungu, kama alivyokuwa amekula tangu ujana. Wale waliomdhihaki hawakuiona kazi iliyomlea, na mwenzetu wa kwenye kongamano hakuiona pia.

Mfinyanzi wa pwani hatumii gurudumu. Udongo huchimbwa, huloweshwa, hukandwa mpaka usiwe na kijiwe wala hewa. Chungu huinuliwa kwa mikono, mfinyanzi akizunguka au akikizungusha kidogo kidogo, ukuta ukipanda kwa vidole vya ndani na kiganja cha nje. Kisha husuguliwa kwa kombe au jiwe laini. Halafu inakuja subira: chungu hukaa kivulini siku kadhaa kabla ya kuonja moto, na ukikiharakisha kinapasuka. Kazi hii inaikamata mikono na macho, ila haiukamati ulimi. Mwendo wake ni wa kurudiarudia, na una vituo vyake. Mtu aliyefanya hivyo tangu utotoni amejifunza kitu ambacho mtunzi yeyote anakihitaji: umbo halilazimishwi, na lazima ujue lini uache kuligusa. Kisha ongezeni njia ya Fumba hadi mjini, saa kadhaa kwa miguu na mzigo kichwani, shingo imenyooka, pumzi imepimwa. Hakuna mwalimu wa sauti anayeweza kutoa zoezi gumu kuliko hilo. Ali Muhsin alipokuja kumfundisha muziki mjini alikuta pumzi iliyokwisha fanyiwa kazi.

Sina karatasi ya kuthibitisha sentensi hiyo ya mwisho. Nina bibi yangu.

Bibi mzaa mama alikuwa msukaji wa ukili huko Pemba, na mtunzi wa nyimbo za harusi aliyeitwa vijiji vya jirani. Alikaa uani kwenye kigoda, ukindu uliotiwa rangi ya zambarau umelowekwa kwenye beseni la bati kushoto kwake, ukili uliokwisha sukwa ukijikunja miguuni. Mimi kazi yangu ilikuwa kumpa ukindu na kunyamaza. Niligundua mapema kwamba vidole vyake vilikuwa na mwendo wa namna mbili. Mstari ulipokataa, vilipunguza kasi, akachomeka ukindu mpya taratibu, akakaza, akafungua, akakaza tena. Mstari ulipokuja, vilikimbia. Nilijua wimbo umepatikana kabla hajafungua kinywa. Aliukariri mara moja kwa sauti ndogo, akaniambia, "Shika hiyo, mjukuu wangu," na mimi nikawa daftari lake, kwani yeye aliandika kwa herufi za Kiarabu tu, na kwa shida. Siku za sikukuu, ambazo hakusuka, nilimwomba anitungie wimbo. Alinitazama kama nimemwomba apike bila moto.

Najua nitaambiwa: huyo ni bibi mmoja. Basi tuwaongeze. Bi Kidude, aliyezifuata nyayo za Siti na kufariki Aprili 2013, aliuza wanja na hina na kuendesha unyago, na ngoma ya unyago ilikuwa kazi yake na sanaa yake kwa pumzi moja. Mwana Kupona binti Msham wa Pate, mjane na mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858, na kazi za nyumbani zimejaa humo. Hakuzikimbia ili atunge; alizichukua zikawa maudhui. Grace Ogot alikuwa nesi na mkunga kabla ya jina lake kujulikana kwa hadithi, na mtu aliyewasikiliza wagonjwa wa hospitali ya Maseno, Kenya, hahitaji kuelezwa alikotoa sikio lake.

Sasa nilipime upande wa pili kwa haki, maana una uzito. Tunawajua Siti na Bi Kidude kwa sababu walisikika. Kwa kila mmoja wao, wangapi walichoka mno? Kuchota maji ndoo kumi hakumpi mtu mashairi. Kuna kazi inayoacha kichwa huru, na kuna kazi inayokivunja. Mwanamke anayeamka kabla ya adhana, akapika maandazi ya kuuza, akashinda sokoni na kurudi kwenye ndoo za kufua, simwambii kwamba yumo chuoni. Na ujira ni ujira: sifa haijalipa kodi ya nyumba ya mtu yeyote. Woolf alikuwa sahihi juu ya fedha, na yeyote atakayenitumia mimi kama kisingizio cha kutowalipa wasanii wa kike atakuwa amenisikia vibaya kwa makusudi.

Hata hivyo sibanduki. Siti alipohamia mjini hakujifungia. Nyumba yake ya Ng'ambo ilikuwa mahali ambapo wenzake, akina Subeit bin Ambar, Buda bin Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban, walikutana kutunga na kufanya mazoezi, na habari za mtaa ziliingia kwa mlango ule ule. Wimbo wa Kijiti, juu ya mauaji ya mwanamke mgeni na kesi iliyofuata, haungeweza kutungwa nyuma ya kufuli. Ulihitaji majirani. Ulihitaji mtu aliyezoea kutembea mlango kwa mlango na kusikiliza watu wanazungumza nini wakati wanapatana bei. Hakuacha vyungu akawa msanii. Alikuja na adabu ya kazi ya vyungu, akaitia katika nyimbo.

Tatizo letu ni kwamba hatukuuliza. Katika tasnifu nilizozisimamia na kuzitahini, watunzi wa kike huulizwa ujumbe wa wimbo, bahari yake, mafumbo yake. Hawaulizwi walikuwa wanafanya nini mstari ulipowajia, saa ngapi, nani alikuwa karibu, walikuwa wamekula au bado. Maswali hayo yanaonekana madogo mno kwa chuo kikuu. Kwa hiyo tuna makabati ya uchambuzi wa tungo zao, na hatuna hata maelezo ya siku moja kamili ya mtunzi wa kike wa Unguja wa miaka ya 1920.

Bado wapo wanaoweza kutujibu juu ya siku zao wenyewe. Muhula ujao wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu watakwenda Pemba kukaa na wasukaji ukili, kwa ridhaa yao na kwa malipo ya muda wao. Kila mwanafunzi atajifunza kwanza kusuka, japo vibaya. Na hatauliza maana ya wimbo wowote mpaka awe ameandika saa ulipotungwa, mahali, na kazi iliyokuwa mikononi mwa aliyeutunga.